Mwalimu Awe Mchezeshaji: Michezo na Masomo Katika Shule za Msingi za Arua na Koboko

Mtoto wa Arua au Koboko hujua sheria za kandanda kabla hajajua kusoma. Hajawahi kuandikiwa ubaoni maana ya kona, ya penalti wala ya mpira wa kurusha, lakini ukimdhulumu katika uwanja wa vumbi atakusimamisha na kukueleza kosa lako kwa ufasaha, huku amebana mpira wa matambara kwapani. Mtoto huyo huyo akiketi darasani, mara nyingi hunyamaza. Akiulizwa swali huinamisha kichwa, na mwalimu akasema moyoni kwamba huyu ni mzito wa kuelewa.

Siamini kwamba akili ya mtoto hubaki uwanjani kengele inapolia. Uwanjani kuna mambo ambayo darasa limemnyima: nafasi ya kujaribu mara nyingi, kosa lisilomwaibisha, na sheria anayoielewa. Kwa hiyo naunga mkono walimu wanaoingiza michezo katika masomo ya hesabu, kusoma na lugha. Hata hivyo, zipo njia mbili za kufanya hivyo, na moja yake huwaumiza wale wale tunaotaka kuwasaidia. Makala haya yanatetea njia moja na kuonya juu ya nyingine.

Tuanze na maneno, kwa kuwa wasomaji wangu ni wanafunzi wa lugha. Kutokana na kitenzi zoea tunapata zoezi na mazoezi. Mwanafunzi akipewa maswali 10 ya kutoa na kujumlisha, tunasema amepewa mazoezi. Wachezaji wakikimbia alfajiri kuuzunguka uwanja, tunasema wako mazoezini. Kiswahili hakikuona haja ya kutenganisha kazi hizo mbili, kwani katika zote mbili mtu hurudia jambo gumu mpaka alizoee.

Tazama tena kitenzi cheza. Ukikiongezea kiambishi cha kusababisha kinakuwa chezesha, na anayechezesha ni mchezeshaji. Neno hilo hutumika kwa refa, na pia kwa kiungo anayewagawia wenzake mipira ili wao wafunge. Kitenzi fundisha nacho kimebeba kiambishi hicho hicho. Mwalimu na mchezeshaji wanafanana kwa umbo la neno na kwa wajibu: kila mmoja husababisha wengine watende. Refa anayeuchukua mpira na kuupiga golini mwenyewe ameharibu mchezo. Mwalimu anayeuliza swali, akalijibu, kisha akajisifia jibu lake, ameharibu somo kwa namna hiyo hiyo.

Sasa niieleze njia ninayoionea shaka. Naiita njia ya fainali. Mwalimu huwasimamisha wanafunzi wote, kisha huuliza tahajia ya neno au jedwali la kuzidisha. Anayekosea huketi. Duru kwa duru wanapungua, hadi abaki mshindi mmoja wa kupigiwa makofi. Darasa huchangamka, na kelele za shangwe humfanya mwalimu aamini kwamba somo limefaulu. Lakini hebu tuhesabu. Katika darasa la wanafunzi 60, wale wanaoketi katika duru ya kwanza ndio wasiojua, na kwa muda wote uliobaki hawaulizwi tena. Yule aliyekuwa anajua tangu asubuhi amejibu mara 10, ilhali yule mwenye haja ya kujibu mara 10 amejibu mara moja tu, akakosea mbele ya wenzake, akaketi. Mchezo huo umempa aliye nacho na kumpokonya asiye nacho.

Kocha hafanyi hivyo siku ya mazoezi. Mchezaji ambaye mguu wake wa kushoto ni dhaifu hapelekwi benchi. Huongezewa mipira ya mguu wa kushoto. Kwa hiyo tunachopaswa kukileta darasani ni mazoezi, na kombe tuliache kabatini. Hiyo ndiyo njia ya pili, na ndiyo ninayoitetea.

Mchezo ulio mwalimu bora wa jambo hili ni netiboli, mchezo unaochezwa na wasichana wengi katika shule za Uganda. Mchezaji wa netiboli akiupata mpira hana ruhusa ya kukimbia nao. Ndani ya sekunde 3 ni lazima aurushe kwa mwenzake, au autupe golini iwapo ni mmoja wa wale wawili wanaoruhusiwa kufunga. Uwanja wenyewe, wenye urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, umegawanywa katika theluthi 3, na mpira hauruhusiwi kupita juu ya theluthi nzima bila kuguswa ndani yake. Waliozitunga sheria hizi walihakikisha kwamba hata mchezaji hodari kuliko wote hawezi kuumiliki mpira peke yake.

Linganisha na madarasa yetu. Katika mengi, wanafunzi watatu au wanne walioketi mbele ndio wanaojibu kila swali. Wameushika mpira tangu Januari. Ligawe darasa hilo katika theluthi 3: mbele, katikati na nyuma. Kisha weka sheria kwamba hakuna kuhamia swali jingine mpaka hili lililopo liguswe katika kila theluthi. Aliyejibu humpa zamu mwenzake ambaye hajasema. Asiyejua anaruhusiwa kumrushia rafiki swali hilo, ila jibu likipatikana hulirudia kwa sauti yake mwenyewe, ili naye awe ameugusa mpira. Hakuna anayeketi kwa kukosea. Zoezi hili halihitaji fedha wala uwanja, na mwalimu anaweza kulianza kesho asubuhi.

Katika West Nile jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya lugha. Tangu mtaala wa mada ulipoanza kutumika mwaka 2007, wanafunzi wa madarasa matatu ya kwanza nchini Uganda hufundishwa kwa lugha ya eneo lao pale inapowezekana, kisha Darasa la Nne huwa daraja la kuvukia Kiingereza. Katika Arua lugha inayotawala ni Kilugbara, na katika Koboko ni Kikakwa; lakini katika miji hiyo utasikia pia Kinubi, Kialur, Kiingereza, Kiarabu cha Sudan Kusini, Lingala na Kiswahili. Kilugbara ni cha jamii ya lugha za Kisudani ya Kati, na Kikakwa ni cha Wanailoti wa Mashariki. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyo na ngeli za nomino kwa namna ya Kibantu. Kwa mtoto wa huko, upatanisho wa ngeli ni mlima. Kwa nini mti uwe umeanguka, na kiti kiwe kimeanguka, ilhali kilichotokea ni kile kile?

Mlima huo haupandwi kwa kukariri jedwali. Mbio za kupokezana vijiti zinafaa zaidi. Maneno yaandikwe kwenye vipande vya makaratasi ya maboksi. Mkimbiaji wa kwanza anaweka nomino ardhini: viti. Wa pili anatafuta kivumishi kinachopatana nayo: virefu. Wa tatu anatafuta kitenzi: vimevunjika. Wa nne anaisoma sentensi yote kwa sauti. Mkimbiaji akigundua kwamba mwenzake aliyetangulia amekosea, haongezi neno jipya. Zamu yake anaitumia kurekebisha. Alama hutolewa kwa sentensi iliyo sahihi, hata kama kikundi kilifika mwisho. Baada ya duru kadhaa, sikio la mtoto litakataa "viti mirefu" kabla hajaambiwa kanuni, na kanuni ikija itamkuta ameshafika.

Zoezi la pili ni utangazaji. Arua ni mji unaopenda kandanda. Klabu yake ya Onduparaka ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, uwanja wa Green Light ulijaa mashabiki waliokuja kuwaona vijana wa nyumbani wakipambana na klabu kubwa za Kampala. Mtoto aliyekulia karibu na redio na uwanja hahitaji kuelezwa kazi ya mtangazaji. Mpe fimbo aishike kama kipaza sauti, waache wenzake wanne wapigiane pasi, naye aseme anachokiona: "Anapokea, anageuka, anapiga... amekosa!" Hapo amekwisha kutofautisha -na- ya jambo linaloendelea na -me- ya jambo lililokamilika sasa hivi. Mchezo ukiisha atoe muhtasari, na -li- itakuja yenyewe: "Walicheza vizuri, wakashindwa." Akitabiri mechi ijayo atatumia -ta-. Huwezi kumpa mtoto sababu nzuri zaidi ya kubadilisha nyakati za vitenzi.

Hesabu nayo ina nafasi kubwa. Msimamo wa ligi ni somo zima: ushindi ni pointi 3, sare ni pointi 1, kushindwa ni sifuri. Timu iliyoshinda mechi moja, ikatoka sare moja na kufungwa moja ina pointi 4. Ikiwa imefunga mabao 3 na kufungwa 5, tofauti yake ya mabao ni hasi 2, na hapo mtoto amekutana na namba hasi bila hofu, kwa kuwa anajua aibu ya kuwa chini ya sifuri. Wakubwa kidogo wapewe rekodi ya dunia ya Joshua Cheptegei wa Uganda katika mita 5,000, aliyoiweka mjini Monaco tarehe 14 Agosti 2020: dakika 12, sekunde 35 na nukta 36. Mbio hizo ni mizunguko 12 na nusu ya mita 400. Je, alitumia sekunde ngapi kwa kila mzunguko? Watakapopata jibu, kwamba ni zaidi kidogo ya sekunde 60, na wakajaribu wenyewe kukimbia mita 400 katika kiwanja cha shule, wataheshimu kugawanya kuliko walivyowahi kukuheshimu.

Lakini faida ninayoithamini kuliko zote ni ya uraia. Watu wengi husema kwamba mpira ni lugha ambayo kila mtoto anaielewa. Kauli hiyo ni tamu, ila inaficha jambo la maana: sheria za michezo ya watoto hazifanani kila mahali. Upo mchezo wa kumlenga kwa mpira mtu aliye katikati, naye akakwepa. Uganda huitwa kwepena, Kenya huitwa kati, Tanzania huitwa rede. Majina matatu, na kila kijiji kina kanuni zake. Je, mpira uliodunda chini kwanza ukikugusa, umetoka? Je, ukiudaka unapata uhai wa ziada?

Koboko iko karibu na mahali ambapo Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinapakana, na wilaya hiyo ina makazi ya Lobule yanayohifadhi wakimbizi kutoka Kongo. Upande wa Arua kuna makazi ya Rhino Camp, yenye wakimbizi wengi wa Sudan Kusini. Watoto wenye historia tofauti hukutana katika madawati ya maeneo haya. Ukiwaambia wacheze kwepena, jambo la kwanza litakalotokea ni ubishi. Mwalimu asiukimbie ubishi huo. Hapo ndipo penye somo. Awaketishe, kila upande ueleze kanuni zake, wajadili, wakubaliane, na sheria 5 walizopatana ziandikwe ubaoni kabla mpira haujarushwa. Iwepo pia kanuni kwamba aliyepigwa na mpira anarudi mchezoni kwa kutunga sentensi sahihi, ili pasiwe na mtoto wa kukaa pembeni mpaka mwisho.

Watoto waliofanya hivyo wameunda katiba ndogo. Wamejifunza kwamba sheria hutungwa kabla ya kujulikana nani atashinda, na kwamba ikishatungwa humbana aliyeitunga kama anavyobanwa mgeni. Wamejifunza kumwendea refa badala ya kuokota jiwe. Wamejifunza pia maana ya methali isemayo asiyekubali kushindwa si mshindani. Yatazame maneno hayo kwa makini. Shinda, shindwa na shindana yametoka shina moja, na kiambishi -an- cha kutendeana kinatukumbusha kwamba hakuna awezaye kushindana peke yake. Anayenishinda leo ndiye anayeufanya mchezo uwezekane. Nchi ambayo raia wake hawakujifunza hilo wakiwa na miaka 8 hujifunza kwa gharama kubwa wakiwa na miaka 40.

Kuna sababu nyingine inayomhusu mwalimu wa Kiswahili hasa. Mwaka 1973 Idi Amin, ambaye ukoo wake unahusishwa na Koboko, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua za kukitekeleza, pamoja na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo, wapo Waganda wanaokikumbuka Kiswahili kama lugha ya kambi ya askari, lugha ya kuamriwa na kufokewa. Kumbukumbu hiyo haifutwi kwa tangazo la serikali. Mtoto anayekutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza katika pasi, katika kicheko na katika makubaliano ya haki atakuwa na kumbukumbu nyingine ya kuwasimulia wanawe.

Najua pingamizi zilizopo, nazo si ndogo. La kwanza ni mtihani. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi nchini Uganda una masomo manne: Hesabu, Kiingereza, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Michezo haimo, na Kiswahili hakimo. Mzazi aliyeuza mbuzi ili kulipia mahitaji ya shule ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe anakimbia na vipande vya boksi. Jibu langu ni kwamba mazoezi niliyoyataja hayachukui nafasi ya somo. Tofauti ya mabao ni hesabu yenyewe, na mwanafunzi aliyejibu mara 6 katika kipindi amejiandaa vizuri kuliko aliyesikiliza wenzake mara 6. Mwalimu asiyeweza kumweleza mzazi ni kipengele gani cha somo kinachofanyiwa mazoezi katika mchezo wake, basi huo auache mpaka jioni.

La pili ni wingi wa wanafunzi na kelele. Ni kweli kwamba darasa lenye watoto wengi haliwezi kukimbia lote kwa pamoja, na mwalimu wa chumba cha pili naye anafundisha. Kwa sababu hiyo zoezi la theluthi 3 huchezwa watu wakiwa wameketi. Mbio zifanyike chini ya mti, kikundi kimoja kikikimbia na kingine kikiwa waamuzi wa sarufi wenye kadi za njano. Kadi ya njano, kwa maoni yangu, itolewe kwa kosa moja tu: kumcheka aliyekosea.

La tatu ni usawa. Tusipoangalia, kandanda itakuwa ya wavulana, netiboli ya wasichana, na mtoto mwenye ulemavu atapewa kazi ya kushika filimbi mwaka mzima. Kazi zote ziwe za kupokezana: mchezaji, refa, mtunza muda, mwandishi wa matokeo na mtangazaji. Wavulana nao wafungwe na sheria ya sekunde 3. Na kila tunapomtaja Cheptegei tumtaje pia Peruth Chemutai, aliyeshinda dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya Olimpiki.

Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ombi lao la pamoja liliitwa kwa neno moja la Kiswahili: Pamoja. Naomba neno hilo lisiishie kwenye mabango ya viwanja vikubwa. Wewe unayejifunza Kiswahili, hasa ikiwa unakusudia kuwa mwalimu, chukua mchezo mmoja wa utotoni mwako, uandike sheria zake 5 kwa Kiswahili sanifu, kisha umpe mtu wa kabila au nchi nyingine azisome na kuuliza maswali. Pale atakapokuambia, "Kwetu hatuchezi hivyo," msikilize kwanza, mpatane, ndipo muanze kucheza.